Umaskini wa Mtoto Si Majaliwa

Wananchi wenzetu wa Amukura, malori yavukayo Malaba hubeba mali ya mataifa mengi, ilhali vijana wetu huacha shule wakabebe mizigo mpakani kwa kukosa sare na chakula. Aachaye darasa leo huwa kibarua kesho, na mwanawe huurithi ufukara huo. Tusikubali kuambiwa kuwa hayo ni majaliwa au uvivu wa wazazi. Tangu 2010, Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, lishe, makao na matibabu. Haki haiombwi kama sadaka. Waumini, msiishie kugawa unga. Bajeti za Bunge na za kaunti zijadiliwapo, simameni nasi tudai fungu la mtoto.