Watoto Si Mbuzi wa Kugawanywa

Mume na mke wakiachana, vyombo hugawanywa: huyu huchukua kitanda, yule kabati. Hilo halina lawama. Lakini wako wazazi ambao, wakiisha kugawana vyombo, huwageukia watoto. Baba husema, "Wavulana ni wangu." Mama hujibu, "Basi wasichana watakwenda nami." Ndugu waliolala chini ya blanketi moja hutengwa, huyu akaenda Kitale, yule akabaki Voi. Msomaji, mgawanyo huo ni dhuluma, hata ukivikwa joho la haki.

Watetezi wake wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mzazi akilisha wake, hapana amdaiye mwenzake. Hoja hii yapendeza sikioni, lakini ndani yake mna hila. Masurufu si deni la mume kwa mke. Ni haki ya mtoto mwenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Haikusema nusu ya watoto. Tuseme baba ana mshahara wa kila mwezi, na mama huuza sukuma wiki sokoni. Kila mmoja amepewa watoto wawili. Hesabu ni sawa, mzigo si sawa. Wawili watasoma bila taabu. Wawili watafukuzwa shuleni kwa kukosa karo. Nao ni wa tumbo moja!

Hoja ya pili ni kwamba kila mzazi astahili furaha ya kukaa na mtoto. Ni kweli, lakini Katiba hiyo hiyo yatanguliza maslahi ya mtoto, si faraja ya mzazi. Mtoto aliyekwisha kupoteza nyumba yenye wazazi wawili amebakiwa na nini? Amebakiwa na nduguye, ajuaye kicheko chake na kilio chake. Kumnyang'anya huyo ni kumfilisi.

Sikatai kwamba yako mambo ya nadra: ndugu akimdhuru nduguye, au mtoto mkubwa akiomba kwa hiari yake. Hapo na watengane, lakini waonane. Ila desturi na iwe hii: watoto wakae pamoja, mzazi asiyekaa nao alipe kadiri ya uwezo wake, na likizo ikifika, waende wote kumwona.

Nawe mwanafunzi, usidhani neno hili ni la wakubwa tu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yampa mtoto nafasi ya kutoa maoni yake katika jambo limhusulo, nayo hupimwa kwa umri na ukomavu wake. Ukiulizwa, sema. Na siku utakapokuwa mzazi, kumbuka kwamba hakimu aweza kuvunja ndoa, lakini hapana hakimu awezaye kuvunja udugu. Basi tusiufanye kuwa udugu wa kukutana matangani.