Meli Yaonekana, Je, Mashua Nayo?

Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, nao hutumiwa kwa pamoja na meli za mizigo, vivuko vya Kigamboni na vyombo vya wavuvi. Mahali kama hapo hatari ya mvuvi haitokani na uchache wa ujuzi wa bahari, kwani huo anao. Yatokana na dhana moja: kwa kuwa yeye aiona meli, basi na meli yamwona.

Na tufanye hesabu. Kanuni za kimataifa zaruhusu bahari iliyo mbele ya omo isionekane kutoka chumba cha usukani kwa umbali wa hadi urefu wa meli mara mbili, au mita 500, kwa kufuata ulio mfupi. Meli ya mita 200 yaweza basi kuwa na mita 400 za upofu. Ikienda maili 8 za bahari kwa saa, yaani kiasi cha mita 4 kwa sekunde, huzimaliza kwa sekunde 100. Mashua iliyoishiwa upepo itafika wapi kwa makafi katika muda huo? Meli hiyo ikiwa katika kasi ya safari, viwango vyakubali isimame baada ya kilomita 3. Rada nayo haitoshi, maana mbao hurudisha mawimbi yake kidogo tu.

Husemwa kwamba mwenye tanga hupishwa. Ni kweli, katika bahari pana. Lakini Kanuni ya 9 ya mwaka 1972 yakataza chombo cha tanga, au kisichofika mita 20, kuizuia meli isiyoweza kupita salama ila ndani ya mlango mwembamba. Sisemi haya kuwaondolea lawama manahodha wa meli. Kanuni ya 5 yawalazimu kuangalia daima. Ila hawawezi kuangalia kilichofichwa na omo.

Kwa maoni yangu, shule za pwani zingefundisha fizikia kwa mfano huu badala ya gari moshi la vitabuni. Mabati matatu yaliyounganishwa kwa pembemraba, mithili ya kona ya sanduku, hurudisha mawimbi ya rada kule yalikotoka; wanafunzi waweza kuyaunda na kuyatundika mlingotini. Wajifunze pia kwamba meli inayokaribia bila mwelekeo wake kubadilika inakuja kugongana nao. Na wavuvi wa dagaa wakumbushwe kuwa karabai humulika samaki, lakini humpofusha aliye karibu nayo asione taa za meli gizani.