MAJI YA UZAZI YAKITOKA, SAA ZAANZA KUHESABIWA



Wako watakaosoma kichwa cha habari hii na kusema kwamba chama kimeacha kazi yake ya kudai mishahara, sasa kimeingia katika nyumba ya mkunga. Hatukubali. Mwanamke anayebeba mikungu ya ndizi hapa Mitunguu, anayeiosha na kuipanga tayari kwa lori, ni mfanya kazi na analipa ada ya chama sawa na mwanamume. Na ikiwa kuna jambo linaloweza kumwua mtoto wake kwa siku moja, na jambo hilo lategemea ruhusa ya nyapara na gari la kumfikisha hospitali, basi jambo hilo ni la chama. Wala si la akina mama peke yao, kwani mtoto ana baba.

Jambo lenyewe ni kijidudu. Wataalamu hukiita streptokokasi ya kundi B, na wauguzi hukitaja kwa herufi tatu tu, GBS. Hukaa ndani ya matumbo na katika njia ya uzazi ya wanawake wengi walio wazima kabisa. Hakileti maumivu, hakileti homa, na mwenye nacho hana habari. Shirika la Afya la Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilisema kwamba kila mwaka wajawazito karibu milioni 20 duniani huwa nacho, na kwamba watoto karibu 150,000 hufa kwa ajili yake, tukiwahesabu pamoja waliozaliwa hai na waliozaliwa wafu. Karibu nusu ya mzigo huo umelala juu ya Afrika iliyo kusini ya Sahara.

Kabla hatujaendelea, neno moja kwa waume. Huu si ugonjwa wa zinaa. Haufai kutiwa katika magomvi ya nyumbani, wala mume asimwulize mkewe amekitoa wapi, maana hata yeye mwenyewe aweza kuwa nacho tumboni mwake sasa hivi. Si uchafu pia. Huja na kuondoka chenyewe, na mama aliyekuwa hana mimba iliyopita aweza kuwa nacho mimba hii. Na kwa wenye ng'ombe: jina lake la kitaalamu, agalactiae, maana yake ni kukosa maziwa, kwa sababu ni kijidudu kinachojulikana sana kwa kuharibu viwele vya ng'ombe. Lakini aina zinazowapata watu kwa kawaida si zile za ng'ombe, basi mtu asiuze ng'ombe wake kwa sababu ya makala haya.

Hatari iko wakati wa kuzaa. Maji ya uzazi yakiisha kutoka, mlango umefunguka, na kijidudu chaweza kupanda mpaka kwa mtoto. Au mtoto hukipata anapopita njiani. Watoto wengi hawadhuriki. Katika watoto 100 wa akina mama wenye kijidudu hiki, wasiopewa kinga yo yote, mmoja au wawili ndio huugua. Lakini huyo mmoja huugua kwa haraka ya kutisha, katika mapafu, katika damu, au katika utando wa ubongo, na mara nyingi kabla hajatimiza siku moja.

Hatusemi mambo ya Ulaya. Wataalamu waliwapima wajawazito 7,967 katika Pwani ya nchi yetu, na mwaka 2016 wakaandika waliyoyaona. Akina mama 934 walikuwa na kijidudu, yaani kama 12 katika kila 100. Watoto walioshikwa katika siku zao za kwanza na kutibiwa hospitali walikuwa 36, na 17 kati yao walikufa. Hao ni watoto waliofika mikononi mwa daktari. Wataalamu wenyewe walisema kwamba wengine wengi waliozaliwa majumbani yumkini walikufa bila kuhesabiwa, kwa kuwa mauti yalikuja upesi mno. Na liko neno jingine katika kazi hiyo ambalo sisi wa chama tumelisoma mara mbili: akina mama maskini na wenye lishe haba walikuwa na kijidudu hiki kwa uchache kuliko wenzao, lakini wale waliokuwa nacho, yaelekea zaidi kuwa na ile aina kali inayoua watoto. Hata kijidudu chajua nani analipwa vibaya.

Sasa dawa. Dawa ipo, nayo ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Hutiwa katika mshipa wa mama uchungu unapoanza au maji yanapotoka, na hurudiwa kila baada ya saa 4 mpaka mtoto azaliwe. Ili imkinge mtoto vizuri, yafaa dozi ya kwanza iwe imeingia angalau saa 4 kabla ya kuzaliwa. Ikiwa muda ni mfupi zaidi bado hupewa, ila kinga yake ni pungufu. Vidonge vya kununua dukani wakati wa mimba havifai kwa kazi hii, kwa sababu kijidudu hufukuzwa leo na kurudi kabla ya siku ya kuzaa. Tunalitaja kwa kuwa desturi ya kununua vidonge viwili vitatu kwa muuza dawa imeenea mno hapa kwetu. Ila kama mkojo wa mama umepimwa kliniki ukaonekana una kijidudu, atatibiwa mara moja, na tena atapewa dawa ya mshipa siku ya kuzaa. Na mama ambaye penisilini iliwahi kumvimbisha au kumbana pumzi aseme mapema, apate dawa nyingine.

Nani apewe? Hapa nchi zimegawanyika. Marekani tangu mwaka 2002 kila mama hupimwa mimba inapokaribia kutimia, kwa kijiti chenye pamba kinachopitishwa ukeni na katika njia ya haja kubwa, na mwenye kijidudu hupewa dawa akishikwa na uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto kama 17 katika kila 10,000 walikuwa wakiugua katika wiki ya kwanza. Siku hizi ni kama wawili tu. Uingereza kwa miaka mingi imefuata njia nyingine, ya kutazama dalili za hatari bila kumpima kila mtu, na huko mwaka 1996 wazazi waliofiwa na mtoto walianzisha chama cha kudai zaidi. Tunawaheshimu wazazi hao. Hakuna mahali ambapo jambo hili lilisogea bila watu kukusanyika na kusema.

Ndugu kadhaa wanataka tudai kipimo cha kijiti kwa kila mama wa Mitunguu. Twajua mwenye fedha Nairobi aweza kupimwa. Lakini twaona kulianza dai hapo ni kuanza juu ya paa. Kipimo hiki chataka maabara yenye vifaa vyake na siku mbili tatu za kungoja jibu, na chataka mama awe kliniki katika wiki ya 36 au ya 37, yaani wiki zile zile ambazo kibarua hukazana kufanya kazi ili apate cha kulia atakapolala uzazini. Jibu la kipimo litamfaa nini mama ambaye siku ya uchungu atafika hospitali mtoto akiwa tayari kichwa nje? Kwanza saa zake zilindwe. Kijiti kitafuata.

Na kuzilinda saa hizo hakuhitaji maabara. Dalili za hatari zajulikana, na kila mama aweza kuzishika kichwani. Ya kwanza ni mtoto aliyetangulia kuugua kijidudu hiki. Nyingine ni uchungu kuanza kabla ya wiki 37, na homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa uchungu. Nyingine ni mkojo ulioonyesha kijidudu. Nayo kubwa kwetu ni hii: maji kutoka na saa 18 kupita mtoto hajazaliwa. Maji yakitoka saa moja ya jioni, saa saba mchana wa kesho yake muda huo umetimia. Sasa fikirini. Mama maji yamemtoka jioni kidogo kidogo, hana uchungu. Asubuhi anaona afadhali amalize siku yake ya kazi, kwa sababu asipoonekana nyapara ataandika mwingine mahali pake. Alasiri uchungu waanza, jua likizama anatafuta pikipiki ya kupanda Nkubu. Akifika anaulizwa maji yalitoka lini, na kwa kuona haya au kwa kuogopa kukemewa anasema, "Sasa hivi." Muuguzi anaandika hivyo. Dalili kubwa kuliko zote imefutwa kwa maneno mawili, na dawa iliyokuwa kabatini yabaki kabatini.

Kwa hiyo twawaomba akina mama: maji yakitoka, tazameni saa, semeni saa hiyo kwa mtu wa nyumbani, na mkifika mseme ukweli hata mkikemewa. Msikilize mama aliye karibu nanyi kazini. Akisema maji yametoka, asiambiwe amalize mstari wake. Na aliyezaa nyumbani au njiani ampeleke mtoto hospitali siku ile ile. Mtoto asiyenyonya, anayepumua haraka au kwa kuguna, mwenye joto jingi au baridi isiyo ya kawaida, aliyelegea kama kitambaa, huyo hangojwi mpaka asubuhi.

Iko hatari ya pili ambayo dawa ya siku ya kuzaa haiizuii. Kijidudu hiki chaweza kumshika mtoto baada ya wiki ya kwanza mpaka apate miezi mitatu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 29, yampa mwanamke miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na mume wiki mbili. Tazameni jinsi miezi hiyo na miezi ya hatari inavyolingana. Lakini kibarua wetu hurudi shambani baada ya wiki chache, na mtoto huachiwa dada yake wa miaka minane. Mtoto wa miaka minane atajuaje kwamba mchanga huyu amelegea, hajalala?

Waajiri husema, huyo ni kibarua, hana likizo. Tunawajibu kwa sheria hiyo hiyo, kifungu cha 37: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kutazamiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, si kibarua tena mbele ya sheria. Ndizi hazina msimu wa wiki mbili. Na kifungu cha 46 chasema mimba si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazini.

Tena kuna bima. Mpango wa Linda Mama uliokuwa chini ya NHIF umekwisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi ya NHIF imeshikwa na SHA, na mwenye mshahara hukatwa 2.75 kwa kila 100. Mama ajiandikishe mimba ikiwa changa, asingoje uchungu. Nanyi mnaokatwa, hakikisheni fedha zimefika, kwa kuwa mlangoni pa hospitali fedha zilizokatwa zisifike hazimsaidii mtu.

Halmashauri ya tawi imeona tuyapeleke mambo matatu katika mapatano yajayo na waajiri. Siku za kliniki ziwe za mshahara, hasa mwezi wa mwisho. Mwanamke ambaye maji yamemtoka au ameshikwa na uchungu kazini apelekwe hospitali mara moja kwa gari la mwajiri, kwani lori linaloweza kupeleka ndizi Nairobi usiku laweza kupeleka mama Nkubu mchana. Na orodha za vibarua zitazamwe na karani pamoja na mjumbe wa chama kila mwezi, ili waliotimiza muda wa sheria wapate likizo yao. Gari la mwajiri ndilo watakalolipinga zaidi. Hapo ndipo tusilegee.

Mpaka mapatano yatakapotiwa sahihi, twataka kuanza na watu wetu wenyewe. Wanachama wenye pikipiki au gari walio tayari kuamshwa usiku kwa ajili ya mama mwenye uchungu waandikishe majina na namba za simu kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Mafuta yatalipwa na mfuko wa tawi. Orodha itabandikwa mahali pa kupimia ndizi, na nakala itapewa kila mama mjamzito aiweke ndani ya kitabu chake cha kliniki.