CHOMBO CHA NJIA KICHAGULIWE KWA BUSARA

Siku hizi ni nadra kumkuta dereva wa masafa marefu asiye na simu kando ya usukani ikimwelekeza njia. Maendeleo haya tunayapokea kwa furaha. Hata hivyo, yatupasa kujiuliza: je, kila chombo kisemacho "pinda kulia" kinafaa kumwongoza mtu aliyebeba roho za abiria au shehena ya tani nyingi?

Yafaa ifahamike kwamba mahali gari lilipo hujulikana kwa mawimbi ya setilaiti zilizo angani, umbali wa kilometa 20,000 hivi. Mawimbi hayo hayalipiwi, wala hayahitaji mtandao wa simu. Kinachohitaji mtandao, mara nyingi, ni ramani. Dereva asiyeihifadhi ramani ndani ya simu yake kabla ya safari, mtandao ukikatika atajiona yupo, lakini barabara hataziona. Hilo ndilo sharti la kwanza la kuchagua.

Sharti la pili ni gari lenyewe. Programu nyingi za simu hupanga njia za magari madogo. Hazijali kimo cha lori wala uzito wake. Njia ya mkato ya teksi yaweza kuwa maangamizi ya lori kwenye daraja dhaifu. Mwenye malori na anunue chombo kinachopokea vipimo vya gari, wala asimwachie dereva mzigo huo kisha amlaumu ajali itokeapo.

Sharti la tatu ni ramani iliyosahihishwa karibuni. Mpaka wa Katuna kati ya Uganda na Rwanda ulipofungwa mwaka 2019, hadi ulipofunguliwa Januari 2022, barabara ilikuwa pale pale, lakini malori yalilazimika kupita kwingine. Isitoshe, avukaye hapo kuingia Rwanda huacha upande wa kushoto akaendesha kulia. Hapo yanatakiwa macho ya dereva, si sauti ya mashine.

Kwa hiyo tunawasihi wakuu wa barabara watangaze vikomo vya uzito vya kila daraja, ili watengenezaji wa ramani wavitie humo. Na madereva tunawakumbusha kwamba chombo ni mshauri tu. Kibao cha barabarani kikipingana nacho, kibao ndicho kifuatwe. Na pasipo kibao, waulizwe wenyeji. Kuuliza si ujinga.