Idadi ya ziara si kipimo cha afya mtaani Langas

WAHAMASISHAJI wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa rasmi na Rais William Ruto mnamo Septemba 25, 2023, wana jukumu zito: kuzuia maradhi kabla hayajamfikisha mtu hospitalini. Kila mmoja hukabidhiwa takriban nyumba 100, na posho ya Sh5,000 kwa mwezi iligawanywa sawa baina ya Serikali Kuu na kaunti. Hata hivyo, swali ambalo mlipa ushuru ana haki ya kuuliza si rahisi kujibu: je, ni ugonjwa gani uliozuiwa?

Ugumu huo unadhihirika Langas, mtaa wa wakazi wengi wa kipato cha chini jijini Eldoret, ambako visima na vyoo vya shimo hukaribiana katika ploti ndogo. Utafiti wa Elizabeth Kimani-Murage na Augustine Ngindu uliochapishwa mwaka wa 2007 ulipima maji ya visima 31 vya kina kifupi mtaani humo. Vyote vilikuwa na bakteria za koliformi, na asilimia 97 vilikuwa na zile zinazoashiria uchafu wa kinyesi.

Chukulia kwamba mhamasishaji anawafunza wakazi kutia dawa kwenye maji ya kunywa. Ripoti yake itataja nyumba alizozuru, mikutano aliyoitisha na chupa za dawa alizogawa. Takwimu hizo zinathibitisha kwamba kazi imefanyika, lakini hazithibitishi kwamba mtoto hata mmoja ameepushwa na ugonjwa wa kuhara. Kinga inapofaulu hakuna kinachoonekana, kwa kuwa mtoto asiyeugua haandikwi katika daftari la zahanati yoyote. Aidha, mama anayeulizwa iwapo hutibu maji ataona haya kukana mbele ya yule yule aliyemfunza.

Isitoshe, wapangaji huhama. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafurusha wengi Langas, hivi kwamba anayelinganisha mtaa wa kabla na wa baada ya ghasia hizo hulinganisha watu tofauti. Vilevile, kuhara kunaweza kupungua kwa sababu mvua imekatika au mfereji umefika, huku mhamasishaji akipewa sifa isiyo yake.

Mfano wa jinsi ya kupima haupo mbali. Katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, watafiti waligawa vijiji kwa bahati nasibu: vingine vikapewa dawa ya maji, vyoo bora na mafunzo ya kunawa mikono, vingine visipewe. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2018 yaliwashangaza wengi. Kuhara miongoni mwa watoto hakukupungua. Lakini kwa kuwa maji yenyewe yalipimwa majumbani, ilibainika kwamba matumizi ya dawa yalishuka kufikia mwaka wa pili. Bila kipimo hicho, ripoti za ziara pekee zingeonyesha mradi uliostawi.

Hapa ndipo penye hatari. Tangu Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwaka wa 2025, miradi isiyoweza kuonyesha matokeo iko katika hatari kubwa ya kufungwa. Ilhali kukosa ushahidi si sawa na kushindwa. Huenda kazi njema ikazikwa pamoja na mbaya kwa sababu tu hakuna aliyeipima.

Suluhisho halihitaji kumnyima mtu huduma. Kwa kuwa vifaa havifiki kila mahali kwa siku moja, kaunti inaweza kuchagua kwa bahati nasibu sehemu zitakazotangulia, na kuzilinganisha na zinazosubiri zamu. Maji yapimwe na watu wengine, si mhamasishaji mwenyewe, na bajeti ya kupima itengwe kabla mradi kuanza. Zaidi ya yote, wakazi wa Langas waelezwe matokeo, yawe mazuri au mabaya, kwani wao ndio wanaokunywa maji hayo.