Eti Saladi ya Matango Haina Kiswahili?

Mwezi wa Julai, msomaji mpenzi, Nairobi si mahali pa kujipepea. Asubuhi huwa na manyunyu na ukungu, na watu hutembea wamejikunyata ndani ya makoti. Katika mwezi kama huo niliketi katika mkahawa wa hoteli moja kubwa jijini, nikiwa miongoni mwa walioalikwa kwenye warsha ya kujadili maendeleo ya lugha zetu. Mhudumu, kijana mwenye adabu, akanikabidhi orodha ya vyakula. Neno la Kiswahili halikuwamo hata moja. Nilipofika kwenye safu ya vyakula vya kusindikizia mlo, nikakuta jina refu kama garimoshi ambalo, likifasiriwa, ni saladi ya matango yenye malai, ya msimu wa kiangazi. Kiangazi, na mimi hapo meno yanagongana kwa baridi!

Nikamwuliza yule kijana, “Ndugu yangu, hii kwa Kiswahili mnaiitaje?” Alikitazama kitambulisho nilichovaa kifuani, akatabasamu kwa haya, kisha akanijibu, “Daktari, hiyo haina Kiswahili.”

Ililetwa katika bakuli la kioo. Vipande vya matango vilikuwa vikiogelea ndani ya maji meupe yaliyopooza. Nikaonja. Lo! Kumbe ni chakula nilicholelewa nacho. Sisi watoto wa Kibokoni, Mombasa, tulikijua tangu utotoni. Kila yalipoingia majira ya kaskazi, baina ya Disemba na Machi, joto linapokaba hata usiku, marehemu mamangu alikuwa akikata matango, akayatia mtindi na nanaa, akatuwekea kando ya biriani au samaki wa kuchoma. Tukiita kachumbari ya mtindi. Ile ya mamangu ilitofautiana na hii ya hotelini kwa mambo mawili: haikuwa na jina la kigeni, na haikuwa na maji.

Nimelifikiria sana jibu la yule kijana. Simlaumu. Alisema alichofundishwa, nasi walimu tumo katika lawama hiyo kama nitakavyoeleza. Hata hivyo, imani ya kwamba kitu cha kawaida kama tango na mtindi “hakina Kiswahili” ina madhara makubwa kuliko inavyodhaniwa, na madhara hayo nimeyaona kwa macho yangu katika ukoo wangu mwenyewe.

Kwanza tukitazame chakula chenyewe. Asili ya tango ni Bara Hindi, na kiasi cha asilimia 95 ya uzito wake ni maji matupu. Ndiyo maana watu wa nchi nyingi wamelipenda wakati wa joto, na aghalabu wamelichanganya na maziwa ya namna fulani. Wahindi wana raita. Waturuki wana cacık, na Wagiriki wakalichukua jina hilo kwa Waturuki, wakalitamka kwa kinywa chao, likawa tzatziki. Watu wa Poland hutia malai yenye ukali kidogo, na chakula hicho wakakiita mizeria, neno lenye asili ya Kilatini lililomaanisha unyonge na taabu. Wajerumani wao wameunganisha tu neno la tango na neno la saladi, wakapata Gurkensalat. Wamarekani hutia malai makali au mayonezi.

Tazama basi: hapana taifa hata moja kati ya hayo lililoketi likangoja kupewa jina na jirani. Waliotaka kuazima waliazima, na waliotaka kuunda waliunda. Hata Wapolandi waliokipa chakula chao jina la taabu hawakioni haya mbele ya wageni. Wala kuazima si aibu. Neno letu kachumbari asili yake ni Kihindi, na neno saladi shina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya chumvi. Malai nalo, ambalo wengi leo wanaliita krimu, lilitujia kwa njia hiyo hiyo ya majahazi na biashara. Tuliyapokea maneno hayo tukayapa ngeli na viambishi, yakawa wenyeji. Na Wakenya wa bara, walipotaka jina la maziwa yaliyoachwa yakaganda, waliyaita maziwa lala, kisha wakayafupisha yakawa mala. Leo neno hilo linasomeka kwenye pakiti madukani nchini kote.

Kuna watakaosema kwamba jina si hoja, kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuelezea upishi wa kisasa kwa undani. Naomba basi ruhusa ya kuwaandikia hapa namna ya kutengeneza chakula hicho, wapime wenyewe.

Chukua matango mawili makubwa. Kata ncha ya kila moja uionje, kwani tango chungu haliponi kwa viungo. Yamenye kama ganda ni gumu. Kama ni laini, liache. Yapasue katikati kwa urefu, ukwangue mbegu kwa kijiko, kisha uyakate vipande vyembamba mithili ya mwezi mwandamo. Vitie katika kung'uto, uvinyunyizie kijiko kidogo kimoja cha chumvi, uviache kwa nusu saa. Usiharakishe hapa, maana haraka haraka haina baraka: chumvi huyavuta maji yaliyomo ndani ya tango, na maji hayo yasipotoka sasa yatatokea baadaye ndani ya bakuli na kuuharibu mtindi. Hilo ndilo kosa la mpishi wa ile hoteli. Wakati huohuo, mimina kikombe kimoja cha mtindi mzito katika kitambaa safi, ukining'inize ili maji yake yachujike. Nusu saa ikiisha, yakamue matango kwa viganja. Ukoroge mtindi pamoja na punje moja ya kitunguu saumu kilichopondwa, maji ya nusu ndimu, pilipili mbichi ukipenda, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu, na majani ya nanaa yaliyokatwakatwa. Changanya na matango. Onja kabla hujaongeza chumvi, kwani huenda imekwisha kukolea. Weka penye baridi, na chakula hicho kiliwe siku hiyo hiyo.

Sasa niulize: ni wapi katika maelezo hayo lugha ilinishinda? Nimetumia vitenzi kumenya, kupasua, kukwangua, kunyunyiza, kukamua, kuchuja, kuponda na kukoroga, na kila kimoja kina kazi yake isiyofanywa na kingine. Nimetumia kukolea, kitenzi kinachobeba peke yake maana ya chumvi au sukari kufikia kadiri yake. Wanafunzi wangu wa isimu wanapenda kuzungumzia utajiri wa unyambulishaji katika vitabu. Nami huwaambia waende jikoni, wakamsikilize mama akisema mtindi umeganda, na wali wa jana umechacha. Cha kwanza huwekwa mezani, cha pili humwagwa. Tofauti hiyo ya neno moja huhifadhi afya ya nyumba nzima.

Hapo ndipo ninapofikia jambo lililonisukuma kushika kalamu. Mwaka mmoja, siku za Idi, wajukuu wa mamangu mdogo walimshauri aache mtindi, atumie malai ya pakiti kama wanavyofanya mahoteli. Naye, kwa kuwapenda, akanunua. Mkesha wa Idi akaifungua pakiti, akatumia nusu, na nusu iliyobaki akaiweka dirishani. Usimcheke, msomaji. Alikuwa na hoja. Pakiti ile aliikuta dukani juu ya rafu, pasipo barafu wala friji. Kama dukani ilikaa hivyo bila kuharibika, kwa nini nyumbani idai baridi? Hakujua kwamba maziwa yaliyopikwa kwa moto mkali na kufungwa barabara hukaa miezi maadamu hayajafunguliwa, na kwamba yakishafunguliwa hali yake ni sawa na ya maziwa mengine yoyote. Siku ya tatu, katika joto la Mombasa, aliitumia ile nusu kuwaandalia wajukuu matango.

Usiku huo watoto wanne walishikwa na tumbo, na wawili kati yao walilazwa hospitalini wakatiwa maji mishipani. Daktari alituuliza walichokula, akasikitika. Twamshukuru Mungu wote walipona. Asubuhi yake niliitafuta pakiti ile jaani, nikaikuta. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo ndogo kwamba ikishafunguliwa iwekwe penye baridi na imalizwe katika siku chache. Maelezo hayo yalikuwa kwa lugha tatu. Kiswahili hakikuwamo.

Mamangu mdogo anakaribia miaka 70. Anasoma gazeti la Kiswahili kila siku mwanzo hadi mwisho, na akikuta kosa la sarufi hunipigia simu kana kwamba nimelifanya mimi. Nilipomwonyesha maandishi yale alinyamaza kitambo, kisha akaniambia, “Kusoma najua, mwanangu. Wao ndio hawakuniandikia.”

Sitaitaja kampuni iliyotengeneza malai yale, kwa sababu si yeye peke yake. Nenda dukani leo, uangalie pakiti na chupa kumi za vyakula, uhesabu ni ngapi zinazomweleza mnunuzi kwa Kiswahili namna ya kuzihifadhi. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Mimi si mwanasheria. Lakini kama mwanaisimu nina haki ya kuuliza: maelezo yaliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi yamekuwaje maelezo kwake?

Najua nitajibiwa kwamba hoteli huhudumia wageni, na wageni hawajui Kiswahili. Sikatai. Wala sisemi Kiingereza kifutwe, maana ni lugha yenye faida nasi tunaihitaji. Ninasema viandikwe vyote viwili. Mgiriki mwenye mkahawa London huandika tzatziki bila kuomba radhi, na Mwingereza hulitamka neno hilo kadiri awezavyo, akala. Mgeni aliyesafiri maelfu ya maili kuja Pwani atafurahi kwenda kwao na jina jipya mdomoni kuliko kukuta aliloliacha jikoni kwake. Na si wote wanaoketi katika hoteli hizo ni wageni. Wenyeji ni wengi, nao hulipa kwa shilingi zilezile.

Wengine watasema kuchapisha lugha ya pili kwenye pakiti ni gharama. Hebu tuhesabu. “Ukishafungua, weka kwenye friji na utumie kwa siku tatu.” Hayo ni maneno tisa, na mahali pa kuyaandika papo, maana pakiti ile ya malai ilikuwa na picha kubwa ya ng'ombe aliyesimama mbele ya milima yenye theluji.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, maelezo ya kuhifadhi chakula na tarehe ya kuharibika kwake yaandikwe kwa Kiswahili kwenye kila bidhaa inayouzwa nchini, na wanaohusika na viwango walihesabu jambo hili kuwa la usalama, si pambo. Pili, vyuo vinavyowafunza wapishi na wahudumu viwafunze pia istilahi za kazi yao kwa Kiswahili, ili kijana asitoke na cheti akiamini kwamba alichokula kwao tangu utotoni hakina jina. Tatu, nalo latuhusu sisi wa vyuo vikuu, tuandike. Tumetoa istilahi za fonimu na mofimu, za kirai na kishazi, na tumebishana miaka mingi juu yake. Ni vyema. Lakini maneno ya jikoni tumewaachia mama zetu, nao wanaondoka mmoja mmoja pamoja na maneno yao. Mamangu hakuniachia hata ukurasa mmoja wa mapishi, nami mwanawe msomi sikupata kumwomba anisomee niandike. Haya niliyoyaandika hapa juu ni yale niliyoyakumbuka tu.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Siku ile hotelini, kabla sijaondoka, niliichukua kalamu nikaandika pembeni mwa orodha ile ya vyakula, kwa herufi kubwa: KACHUMBARI YA MTINDI. Yule kijana alisoma, akacheka. “Kumbe ni hiyo?” akasema. “Hiyo hata nyanya yangu huitengeneza.” Nikamwambia, basi mwulize nyanyako jinsi ya kuyatoa maji, ukamwambie mpishi wenu.