Pareshoki ya gari ya zamani si pambo

BUNIA. Leo sitaongea juu ya bei ya unga. Nataka kuongea juu ya chuma kimoja tu: pareshoki, ile ambayo ndugu zetu wa Uganda na Tanzania wanaita bampa.

Katika mtaa wetu kuna baba mmoja ambaye ametumia miezi mingi kufufua Land Rover ya zamani, Series III, aina iliyotengenezwa tangu 1971 mpaka 1985. Mota inawaka, breki zinashika, rangi imepakwa. Ilibaki pareshoki ya mbele, maana ile ya kwanza ililiwa na kutu. Juzi niliwakuta garajini, yeye na fundi, wakibishana. Baba alitaka kipande cha chuma kinene, kirefu kupita upana wa gari, kichomelewe moja kwa moja kwenye shasi. Fundi alikataa. Mimi niko upande wa fundi, na nitawaeleza sababu.

Kwanza, tuangalie gari yenyewe ilivyotengenezwa. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, mjini Amsterdam. Kisha vita vya pili vya dunia chuma kilikuwa haba Uingereza, ndiyo sababu mwili wake ukatengenezwa kwa aluminiamu. Lakini shasi ni ya chuma, na pareshoki ni bati nene la chuma lililokunjwa, linalofungwa kwa bulono kwenye ncha mbili za shasi. Hizo bulono zina maana yake. Pareshoki ikigongwa na kupinda, unaifungua, unainyoosha ao unaibadilisha. Ukiichomelea, kila pigo linaingia moja kwa moja ndani ya shasi. Shasi ikipinda, magurudumu hayafuati tena mstari mmoja, na hapo gharama si ya bulono tena.

Sababu ya pili inanigusa zaidi. Barabara ya kwenda Mahagi, RN27, haina njia ya watu wa miguu. Gari inapita hapo hapo anapopita mama mwenye kuni kichwani na mtoto mgongoni. Mama mmoja wa kwetu, aliyekimbia vita na kuacha shamba lake, alishikwa kikwembe na ncha ya chuma kilichotokeza pembeni mwa gari. Gari haikuwa na mbio. Ilimvuta hatua chache tu, lakini mkono ulivunjika, na msimu mzima hakuweza kulimia watu ili apate chakula cha watoto. Shofere alisema hakumuona. Nakubali. Lakini aliyechomelea chuma kile na kuacha ncha yake nje, yeye alikiona.

Najua wenye magari watajibu nini. Watasema barabara zetu ni mbaya, ng'ombe wanakatisha, na kwenye matope unahitaji mahali pa kufunga kamba. Ni kweli. Lakini ndoano ya kuvutia inafungwa kwenye shasi kwa bulono nzito, na haihitaji chuma kinachopita upana wa gari. Wengine watasema chuma kinene kinalinda gari. Kinalinda bati na taa, lakini kiuno cha mtu na kichwa cha mtoto hakivilindi. Ulaya hawana matope kama yetu, na bado mwaka 2005 walitoa sheria juu ya vyuma vigumu vya mbele ya magari, kwa ajili ya kulinda wanaotembea kwa miguu.

Yule fundi alinionyesha kazi inavyofanywa. Alianza na ncha za shasi: alizisugua kwa brosi ya chuma, akazigonga kwa nyundo ndogo kusikiliza kama kutu imekula ndani. Mahali sauti ilipokuwa hafifu, alisema hapo patengenezwe kwanza, maana bulono nzuri kwenye chuma kilichooza haishiki kitu. Kisha akaweka bulono mpya na rondele, akapaka grisi kidogo ili siku nyingine zifunguke. Alizikaza kwa mkono tu kwanza. Akapima kutoka chini mpaka pareshoki, kushoto na kulia, kwenye udongo ulio sawa. Vipimo vilipolingana, ndipo akakaza kwa kile. Mwisho alipitisha kiganja chake pembeni mote. Palipokwaruza, alipiga tupa mpaka pakawa laini.

Neno moja kwa vijana wanaojifunza kuchomelea: pareshoki nyingi za zamani zimepakwa zinki. Ukizichoma, moshi mweupe unaotoka unaleta homa. Msiuvute. Na kabla ya kuchoma chochote kwenye gari, fungueni waya za betri.

Ninaomba mambo matatu. Wenye magari, kabla ya kutoka garajini, pitisheni kiganja pembeni mwa pareshoki kama alivyofanya fundi. Viongozi wa mitaa na polisi wa barabarani, mkisimamisha gari msiangalie karatasi peke yake. Angalieni pia vyuma vilivyotokeza. Na wazazi wa kambini, wakatazeni watoto kudandia pareshoki za magari yanayopunguza mwendo, hata kama ni mchezo wao wa kila siku.

Baba wa Land Rover alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza bulono zinauzwa wapi. Gari yake itatoka wiki hii, na pareshoki yake haipiti upana wa gari. Nitakapokutana nayo barabarani na wanangu, sitawavuta hadi ndani ya mtaro.